Kupanda miti kwa mstari: maswali tunayoulizwa kila mvua zikikaribia

Kila ikifika Oktoba simu na meseji zinakuwa zilezile, niachie mita ngapi, mti gani unakua haraka, jirani akikataa nifanyeje, kwa hiyo tumeona bora tuyaweke yote sehemu moja mtu asome mwenyewe. Sisi ni watu wa kitalu cha miche huku Tanzania bara, mifano mingi ni ya huku, ila wa Kenya na wa visiwani nao wataokota vyao humu. Hapa tunaongelea miti ya mstari tu: mpakani, pembeni ya njia, kukinga upepo, kuzunguka shamba. Shamba zima la miti ni habari nyingine, ingawa tutaligusa kidogo.

Niachie mita ngapi kati ya mti na mti?

Hili ndo swali la kwanza kwa kila mtu, na jibu letu siku zote ni swali: huo mstari unataka ukufanyie kazi gani? Maana mche ukiwa kwenye kiriba (kile kimfuko cha nailoni cha kitaluni) una urefu wa futi moja, unauona mdogo, unasema aa nitabana tu, mita moja moja inatosha, halafu miaka 8 mbele una ukuta wa miti myembamba iliyorefuka kutafuta jua na hakuna hata mmoja unaotoa ubao wa maana. Pima kwa ukubwa utakaokuja kuwa nao huo mti.

Kama unataka fito, nguzo za kujengea na kuni, unaweza kubana, mita 1 mpaka 1.5 sawa kabisa, mivinje na mikaratusi inavumilia na tena ikibanana inanyooka vizuri. Kama unataka mbao, anzia mita 2.5 mpaka 3. Kwenye mashamba makubwa ya mipaina kama Sao Hill kule Mufindi nafasi inayozoeleka ni mita 3 kwa 3, inakupa miti 1,111 kwa hekta, ila kumbuka kule mti umezungukwa pande zote nne. Mstari mmoja wa mpakani unapata jua pande mbili, kwa hiyo mgrevilea kwa mita 2 mpaka 2.5 haina shida.

Matunda ndo watu wanakosea sana. Mwembe wa kienyeji ni mita 10, mkorosho 12 (muulize yeyote wa Mtwara), parachichi 7 mpaka 8, mnazi 8 mpaka 9. Najua inauma kuona nafasi yote hiyo iko tupu, basi panda mahindi au maharage katikati miaka ya mwanzo, hakuna aliyekukataza.

Uzio wa miiba au wa kukatwa kwa mkasi ni sentimita 30 mpaka 50, na hapo ndo mahali pekee tunaposema bana kweli kweli. Kivuli cha njia ya kuingilia nyumbani, mjakaranda, mkrismasi ule wa maua mekundu, mkangazi, acha mita 8 mpaka 10. Ukifika Ujiji ukaiangalia ile miembe ya zamani kwenye njia ya misafara utaelewa kwa nini hakuna aliyeipanda mita tatu tatu.

Si nipande karibu karibu halafu baadaye nipunguze?

Kitaalamu ni sawa na wengi wanafanya hivyo, unapanda kila mita 1.5, mwaka wa 4 au wa 5 unatoa mmoja unaacha mmoja, uliotolewa unakuwa fito na kuni, uliobaki unabaki na mita 3. Tatizo ni roho. Mti umeushika mkono toka mdogo, unakuja kuukata ukiwa ndo umependeza? Wengi hawakati. Mwaka unapita, wanasema mwakani, na mwakani hivyohivyo. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu, kama unajijua huna moyo wa panga basi panda nafasi ya mwisho toka siku ya kwanza uokoe na hela ya miche.

Nina eka moja, kuizunguka yote nahitaji miche mingapi?

Eka moja ya mraba ni kama hatua 70 kwa 70, ile hatua ndefu ya yadi, yaani kwenye mita ni kama 64 kila upande. Ukizunguka pande zote nne unapata kama mita 254. Gawa kwa nafasi yako. Kwa mita 2.5 ni miche kama 102, kwa mita 3 ni 85, na kama ni uzio wa nusu mita ni zaidi ya 500, hapo watu huwa wanakaa kimya kwenye simu.

Kitu kimoja kinachowachanganya: ukizunguka na kurudi ulipoanza, unagawa tu basi. Ila mstari ulionyooka wenye mwanzo na mwisho unaongeza mmoja. Mita 100 kwa nafasi ya 2.5 ni miti 41, sio 40, kwa sababu na pale sifuri pana mti. Na shamba lako likiwa sio mraba (mengi sio), usitumie hesabu ya eka, vuta kamba upime mzunguko wenyewe, shamba refu jembamba la eka moja linakula miche mingi kuliko la mraba.

Mstari unyooke vipi? Wangu wa mwaka jana unaenda kama nyoka

Kamba ya manila, mambo ya miti (vigingi vya kupiga chini), na uvumilivu. Piga mambo mawili, moja huku moja kule mwisho, vuta kamba ikaze, halafu weka alama kwa fundo au utepe kwenye kila nafasi ya mti KABLA hujaanza kuchimba. Usipime kwa fimbo kutoka shimo hadi shimo maana kosa la sentimita 5 kila shimo linajumlishana, ukifika mti wa arobaini uko mita 2 nje ya hesabu. Piga mambo kwenye alama zote, toa kamba, simama mwisho wa mstari funga jicho moja angalia. Lililotoka nje lirudishe.

Kona ikiwa ya mraba tumia ile ya mafundi ujenzi, 3-4-5: toka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, umbali kati ya hizo alama mbili ukiwa mita 5 kamili kona yako iko sawa. Kwenye mteremko kamba ivutwe usawa wa hewani, usiilaze chini ifuate udongo, na mstari ufuate kontua, yaani ukatishe mteremko kwa usawa uleule, usishuke na mlima.

Haya, mti gani sasa?

Inategemea uko wapi, na hapa tutakaa kidogo.

Nyanda za juu zenye mvua, Njombe, Mbeya, Kilimanjaro, Lushoto, na Kenya kuanzia Kiambu mpaka Meru, mgrevilea ndo mfalme wa mpakani na sio bahati mbaya. Asili yake Australia, unanyooka, unavumilia kukatwa matawi karibu yote na unachipua tena, majani yake yanaoza kuwa matandazo, na mazao ya pembeni hayateseki sana. Ndo maana utaukuta kwenye kahawa na chai. Ukienda Uchagani utakuta pia masale kwenye mipaka, hayo ni ya alama na heshima zaidi, hayatoi mbao, ila mpaka uliowekwa masale hakuna mtu anauchezea.

Pwani, mvinje. Unavumilia mchanga na upepo wa chumvi, unatengeneza naitrojeni yake kwenye mizizi, nguzo zake zinauzika Kilifi, Kwale mpaka Unguja. Minazi kwa mstari pia inapendeza ila usiweke mahali watu wanapaki magari.

Kanda kavu, Dodoma, Singida, Shinyanga, hapa achana na mambo ya mgrevilea, mchwa na ukame vitakumalizia miche. Mwarobaini na mjohoro ndo vinasimama. Mjohoro ni mzuri wa kuni na unachipua ukikatwa, ila watu wanadhani unarutubisha udongo kama jamii ya mikunde mingine, hapana, haukamati naitrojeni. Pia majani yake ni sumu kwa nguruwe. Mwarobaini nao mizizi yake inatambaa mbali, usiuweke mita moja na tuta la mahindi, mpe mita 4 mpaka 5 kati ya mti na mti.

Bonde lenye joto na mvua kama Kilombero au Muheza, mitiki, mita 2.5 mpaka 3. Ila mitiki inataka udongo wa kina usiotuamisha maji, ukiipanda kwenye mbuga ya udongo mweusi wa kupasuka utaishia kuilaumu mbegu.

Na mti wa kukwepa kabisa: mathenge. Uliletwa Baringo kule Kenya miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukavamia malisho mpaka leo watu wanahangaika nao. Ukiona mtu anakuuzia miche yake eti ni uzio wa haraka, mshukuru upite.

Mikaratusi je? Kuna anayesema inakausha maji

Inakunywa maji mengi, hiyo ni kweli, sio uchawi. Mti unaokua haraka vile lazima unywe. Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyoko kandokando ya mito na chemchemi ing'olewe. Kwa hiyo usiipande karibu na kisima, mto, bwawa au chanzo chochote, na usiipande pembeni ya shamba la mazao ukategemea kuvuna mistari miwili mitatu ya kwanza, hautavuna. Lakini kama una kilima chenye mawe kisicholimika na unataka nguzo nene, panda kwa raha zako, mita 2 mpaka 2.5.

Nataka kukinga upepo, unaangusha migomba na maua ya parachichi

Swali zuri na hili ndo lenye hesabu tamu. Mstari wa miti unakinga shamba kwa umbali wa kama mara 10 ya urefu wake vizuri, na unaendelea kusaidia kidogo kidogo mpaka mara 20. Miti ya mita 15 inakukingia mita 150 za uhakika. Kwa hiyo shamba likiwa la mita 300 kuelekea upepo unakoenda unahitaji mstari mwingine katikati.

Kosa la watu wengi ni kutaka ukuta usiopitisha hata hewa. Upepo ukikuta ukuta unaruka juu unakuja kuanguka nyuma yake kwa fujo, mazao ya pale yanapigwa vibaya kuliko hata bila miti. Unataka mstari unaochuja, nusu upepo upite nusu uzuiwe. Ukisimama upande mmoja uone mwanga upande wa pili lakini usimtambue mtu, hapo pako sawa. Na usikate matawi ya chini yote, maana upepo utapita chini kwa kasi kama kwenye korido.

Mapengo nayo ni hatari, mti ukifa rudishia haraka, upepo unajikusanya pale kwenye pengo. Mlango wa shamba usiuweke upande upepo unakotokea.

Mstari ukae kukatisha upepo. Dodoma na Singida upepo mkali unatoka zaidi mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo mstari wako uende kaskazini kusini. Pwani kuna kusi na kuna kaskazi, unatoka kila upande kwa msimu wake, kwa hiyo huko mistari iwe upande wa kusini na upande wa kaskazini wa shamba.

Mstari mmoja au miwili?

Ukiwa na nafasi, miwili kwa zigizaga: mistari iachane mita 2 mpaka 3, mti wa mstari wa pili ukae usawa wa pengo la mstari wa kwanza. Mstari wa upande wa upepo weka mti mfupi wenye kichaka, wa ndani weka mrefu. Eneo likiwa dogo mmoja unatosha, usijinyime shamba.

Kivuli hakitaniharibia mahindi?

Kitaharibu kidogo, tusidanganyane. Mistari michache iliyo karibu na miti siku zote inakuwa ya hovyo. Cha kufanya ni kupunguza hasara. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapita utosini kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo mstari unaoenda mashariki magharibi kivuli chake kinaangukia zaidi kwenye miti yenyewe, wa kaskazini kusini unatupa kivuli shambani asubuhi upande mmoja na jioni upande wa pili. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua mashariki magharibi, ila kama shida yako ni upepo basi upepo ndo unaamua.

La pili pogoa. Mgrevilea ukishafika miaka 3 toa matawi ya chini kila mwaka kabla ya mvua, acha kama nusu ya juu. La tatu mizizi: chimba mtaro wa nusu mita kwenda chini, mita moja toka kwenye shina, upande wa mazao tu, unakata mizizi inayotambaa. Usikate pande zote mbili mwaka mmoja maana mti utalala na upepo.

Halafu kuna ule mgunga unaopukutisha majani kipindi cha mvua na kuchipua kiangazi, wengine wanauita mkababu. Mahindi yanakua chini yake wakati hauna kivuli. Kwa mtu wa kanda kavu mwenye subira huo ni mti wa akili, mita 10 kwa 10, unachelewa lakini.

Jirani anasema mti wangu uko kwake

Ongeeni KABLA ya kupanda. Mwite, mwite na mwenyekiti wa kitongoji, mpite pamoja na kamba. Miti mikubwa isikae juu ya mstari wa mpaka, ingia ndani kwako mita 1.5 mpaka 2, maana shina litanenepa na matawi yatavuka. Mkikubaliana kupanda juu ya mpaka kabisa na kugawana mavuno, andikeni, hata kwenye daftari, mashahidi wasaini. Kiwanja kilichopimwa usipande juu ya bikoni (lile jiwe la alama ya mpaka), mizizi itainyanyua na hapo utakuwa umeanzisha kesi mwenyewe.

Mpaka wa ubishi ambao haujaisha? Usipande kitu. Miti itasomeka kama unajitwalia ardhi, na utaing'oa kwa gharama yako.

Shamba langu liko barabarani, au mtoni, au nyaya za umeme zinapita

Barabara kuu Tanzania, sheria ya barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara (zamani ilikuwa 22.5, ndo maana wazee wanabishana). Ukipanda ndani ya hapo barabara ikipanuliwa usitegemee fidia. Mto, ziwa, bwawa na bahari, sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 nje, na miti ya asili ya kuhifadhi kingo ni jambo la kuzungumza na afisa misitu, sio la kuamua mwenyewe. Chini ya nyaya usipande kitu kirefu, watakuja kukata katikati ya kichwa na mti utabaki kituko.

Karibu na nyumba?

Mti mkubwa ukae mbali na nyumba kwa umbali usiopungua nusu ya urefu wake wa utu uzima, na jamii ya mikuyu usiiweke karibu kabisa, wala karibu na chemba ya choo. Mwashoki ule mwembamba unaoenda juu ni mzuri pembeni ya ukuta, mita 1.5 kati ya mti na mti na angalau mita 2 toka kwenye ukuta. Wapangaji wa mjini mnaopanda mwashoki nusu mita toka kwenye ukuta wa fensi, tunawaona.

Uzio hai upi mzuri?

Kayaba kama uko nyanda za juu, miiba yake hata ng'ombe anaiheshimu. Mchongoma pia. Minyaa inashika haraka kwa vipandikizi tu na haitaki maji, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, kama una watoto wadogo tafuta kingine.

Aina moja au nichanganye?

Changanya kwa vipande: mita 50 za huu, mita 50 za ule. Ukichanganya mmoja mmoja, unaokua haraka unaufunika mwenzake. Mstari mzima wa aina moja ukipata mdudu unaondoka wote, mlusina ulipigwa hivyo na wadudu wa kufyonza majani miaka ya 1990.

Miti ya asili kama mvule na mkangazi usiiogope eti inachelewa. Weka mmoja kila mita 10 katikati ya migrevilea, ukivuna migrevilea yenyewe inabaki, wajukuu watakula.

Shimo na muda?

Shimo futi moja na nusu kila upande kwa miti ya kawaida, futi mbili kwa matunda. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini kulia, wa juu uchanganye na nusu debe la samadi iliyooza uurudishe kwanza. Chimba wiki kadhaa kabla. Panda mvua ikishalowesha udongo kweli kweli, sio ile manyunyu ya kwanza ya kudanganya. Kanda za masika na vuli una nafasi mbili, nyanda za juu kusini ni Desemba na Januari, ukichelewa hapo mti unaingia kiangazi bila mizizi. Toa kiriba! Kila mwaka tunakuta watu wamepanda na nailoni yake.

Nawezaje kujua miche ni mizuri?

Usichague mrefu zaidi. Mche mrefu mwembamba kwenye kiriba kidogo umekaa kitaluni muda mrefu, mizizi imejizungusha chini na itaendelea kuzunguka hata shambani mpaka mti uanguke na upepo ukiwa mkubwa. Tafuta wa sentimita 30 hivi, shina gumu, majani ya kijani, na uombe muuzaji apasue kiriba kimoja uone mizizi. Akikataa nenda kwingine. Ukitaka kuotesha mwenyewe, mbegu zenye asili inayojulikana zinapatikana TFS (wakala wa misitu) kwa Tanzania na KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu) pale Muguga kwa Kenya, bora kuliko kuokota chini ya mti mmoja uliosimama peke yake.

Mbuzi na mchwa?

Mbuzi ni wigo wa miiba kila mche, au kukubaliana kijiji kizima, hakuna dawa nyingine. Mchwa, usiache majani makavu yakigusa shina, na mwagilia asubuhi kipindi cha ukame maana wanapenda mche uliochoka.

Ninunue miche kamili au niongeze?

Ongeza 10 kwa kila 100, uitunze kivulini nyumbani. Itakayokufa shambani irudishie ndani ya msimu huohuo wa mvua, ukingoja mwaka ujao mche mpya utakuwa chini ya kivuli cha wenzake na hautawafikia tena.